Mikono ya Cheche

Kofi lilimkuta mlangoni, mkoba ungali begani na mguu mmoja haujavuka kizingiti. Lilikuwa kofi la mtu aliyeendesha lori la kokoto tangu ujana wake, na mwalimu akaona nyota mchana kweupe. Alishika fremu ya mlango asianguke. Sikio la kushoto lilikuwa likilia ngiii, na katikati ya mlio huo akamsikia kaka yake akimuuliza swali ambalo, cha ajabu, alikuwa ametoka kulijibu mahali pengine siku hiyohiyo.

"Malengo yako ya muda mrefu ni nini?"

"Kaka, umenipiga?"

"Nimekuuliza swali! Mbona kwa mwalimu mkuu ulikuwa na majibu? Jibu na hapa tusikie. Malengo yako ya muda mrefu ni nini?"

Mama yao alikuwa kwenye kochi, mikono mapajani, macho sakafuni. Hakuinuka.

Ndipo mwalimu alipojua kwamba Mkaguzi amekwisha mpigia kaka simu. Asubuhi ile alikuwa ameitwa ofisini ili wamalizane na muda wake wa majaribio. Alifundisha lugha ya alama katika shule moja, asubuhi kwa watoto viziwi, mchana kwa wazazi wao na manesi wa hospitali ya jirani. Upande wa pili wa meza walikaa mwalimu mkuu na Mkaguzi wa shule, bwana wa suti iliyonyooka na manukato ya kumwaga, ambaye kila alipokuja kukagua darasa alimkagua zaidi mwalimu. Walimu wapya wote huulizwa swali lile, na wote hujibu kwa adabu kwamba siku moja wangependa kuwa wakuu wa idara. Huyu wetu, ambaye Mungu alimnyima breki za mdomo, alisema, "Nataka siku moja kiti changu akikalie kiziwi. Nitawafundisha wawe walimu wa lugha yao wenyewe, mpaka shule isinihitaji. Na wa kwanza nimeshampata."

"Nani huyo?" Mkaguzi aliuliza.

"Fundi aliyetengeneza geti la shule."

Sasa geti hilo lilikuwa limemwangukia.

"Mimi niliacha shule," kaka alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, na iliposhuka ndipo ilipotisha. "Baba kafa, nimeacha shule, nimepakia kokoto kwa sepetu hadi nikapewa usukani, ili wewe ukae kwenye kiti. Kiti, unanisikia? Halafu unakipata, unaanza kutafuta wa kumpa. Tena bubu!"

"Si bubu. Ni kiziwi. Na ana maneno kukuzidi wewe."

La pili lilimpata shavu lilelile. Safari hii alianguka, goti likagonga ukingo wa meza, birika la chai likapinduka na kupasuka.

"Mwanangu," mama akasema, na haikueleweka alikuwa anamwita yupi. Kisha akamgeukia binti yake. "Hebu niambie mimi. Huyo fundi, ni mwanafunzi wako tu?"

Angeweza kudanganya. Mama alikuwa anamwomba kwa macho adanganye. Lakini mwalimu alikuwa ameubeba uongo huo tangu msimu wa mvua, na ulikuwa umemchosha kuliko kazi.

"Tunapendana, mama."

Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Tani Kumi, aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo huyo atafundisha kwa mikono," alisema taratibu. "Si ndivyo? Hana kingine."

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Haya. Tuone atafundisha kwa nini."

Alichukua funguo za lori, akatoka, akaufunga mlango kwa nje. Mwalimu alibaki sakafuni akisikia kitasa kikizunguka, na injini ikaunguruma kabla akili yake haijamfikia.

"Mama, anakwenda kumuua!"

"Hatamuua. Atamtia adabu tu. Kaa chini."

"Mama, una ufunguo wa pili, nifungulie!"

"Kaa chini nimesema!"

Hakukaa. Alinyanyua kiti cha kulia chakula, akakitupa dirishani. Vioo vikamwagika barazani. Mama alimrukia na kumng'ang'ania gauni, wakavutana kama watoto wanaogombea kamba, hadi mshono wa bega ukaachia na mama akabaki na mkono mzima wa gauni kiganjani. Mwalimu akajirusha nje. Kioo kikamchana paja, hakuhisi.

Alikimbia kwa njia ya mkato huku anaandika ujumbe kwenye simu, vidole vinateleza kwa jasho. *Ondoka hapo. Sasa hivi. Kaka anakuja.* Aliutuma akijua ni bure. Cheche hakuwahi kuchomea na simu mfukoni. Ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa kwenye msumari ukutani.

Cheche ndilo jina alilopewa na mafundi wenzake, na lilimfaa kwa kazi na kwa macho. Siku walipoonana mara ya kwanza, alikuwa akifunga bawaba za geti lile, na mwalimu, mwenye cheti chake kipya cha chuo, alimsogelea akamsalimia kwa alama kwa madaha yote. Fundi alimtazama hadi mwisho. Akauliza kwa heshima kama anaumwa vidole. "Kwa nini?" mwalimu akashangaa. "Maana unaongea kama mtu aliyevaa glavu." Walicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Tangu siku hiyo kila jioni alimvua glavu moja. Alimfundisha mizaha, matusi, jinsi ya kunong'ona kwa kuificha mikono nyuma ya mkoba. Mwalimu alikuwa amesoma lugha hiyo miaka chuoni, lakini kuizungumza alijifunzia kwenye benchi la karakana, akitazama mikono yenye makovu ya moto ikisema mambo ambayo hakuna mwanamume mwenye mdomo aliyewahi kumwambia. Cheche, mwalimu wa namna hiyo, ungemwacha kwenye mageti?

Lori lilikuwa limesimama mbele ya karakana, mlango wazi. Mafundi wenzake walikuwa wametoka kwenda kufunga paa mahali, na fundi alikuwa peke yake.

Alifika wakati bomba la chuma linashuka.

Cheche alikuwa ameinama, ngao ya kuchomelea usoni, moto wa mashine unang'aa mbele yake. Mtu wa masikio angesikia hatua za Tani Kumi tangu barabarani. Yeye alichojua ni mgongo wake kupasuka. Bomba lilimpata chini ya bega, ngao ikaruka, akaangukia geti alilokuwa akilichomea na kulipindua. La pili lilimkosa kichwa kwa upana wa kiganja, likagonga saruji na kutoa cheche kama zake.

"Kakaaa!" mwalimu alipiga ukelele.

Tani Kumi hakugeuka. Alinyanyua bomba tena. Lakini fundi wa vyuma si mnyonge. Cheche alijiviringisha, akamkata mtama, lile jitu likaenda chini na bomba lake. Wakawa kifua kwa kifua kwenye vumbi la chuma. Mwalimu alisikia ngumi zikiingia kwenye nyama, akasikia jino likigonga jino, akamwona kaka yake anamng'ata mwenzake mkono na Cheche anampiga kichwa cha pua mpaka damu ikaruka. Alijaribu kuwaingilia, kiwiko cha mmoja wao kikampata kifuani, akarudi nyuma hana pumzi. Rafu ya misumari ikaanguka. Mtungi wa gesi ukabingirika na kugonga ukuta, kwa rehema tu haukulipuka.

Kisha Cheche akawa juu. Goti kifuani, mikono miwili shingoni. Ilikuwa mikono ya kukunja nondo, na uso wa Tani Kumi ukaanza kugeuka rangi. Macho yakamtoka. Visigino vikawa vinapiga sakafu.

Hapo ndipo mwalimu alipofanya kosa ambalo atalilipia maisha yake yote. Alizunguka akasimama mbele ya Cheche, mahali anapoonekana, akainua mikono.

*Mwache! Ni kaka yangu!*

Cheche aliinua macho akamwona. Akaona gauni lililochanika, shavu lililovimba, damu mguuni. Akataka kumwuliza ni nani aliyemfanya hivyo. Na mtu anayeongea kwa mikono hawezi kuuliza huku amekaba. Aliachia. Mikono yote miwili ikatoka shingoni kwa Tani Kumi, ikaja hewani, wazi, kumwuliza mpenzi wake.

*Kaka yako? Ndiye aliyeku—*

Hakumaliza. Teke lilimpata tumboni, likamtupa kwenye benchi. Kabla hajapata hewa, Tani Kumi alikuwa juu yake, anakohoa, anatema damu, mkono mmoja umemkandamiza kifundo juu ya fuawe, lile pande zito la kufulia vyuma, na mkono wa pili umeshaipata nyundo.

"Fundisha sasa!" alifoka. "Haya, fundisha!"

Nyundo ikashuka.

Mkono wa kushoto ulikimbia kuufunika wa kulia, kama mama anayemfunika mwanawe, na nyundo ikashuka juu ya yote miwili. Mwalimu hakuwa amewahi kuisikia sauti ya Cheche. Aliisikia siku hiyo. Ilijaa karakana nzima, ikatoka hadi barabarani ambako watu walianza kukimbilia, na hata leo akifunga macho anaisikia.

Hakumbuki aliiokota vipi nondo. Anakumbuka uzito wake tu, na jinsi ilivyotetemeka mkononi ilipompata kaka yake begani. Mfupa ulilia. Nyundo ikaanguka. Tani Kumi aligeuka akamtazama mdogo wake akiwa ameinua nondo tena, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, yeye ndiye aliyeogopa. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye lori, bega limeshuka, akaondoka akiendesha kwa mkono mmoja.

*

"Umefurahi sasa?" mama alimwuliza.

Walikuwa ukumbini hospitalini, nje ya chumba alimolazwa Cheche. Jua la jioni lilikuwa limelala kwenye vigae. Daktari alikuwa amesema mkono wa kulia ulivunjika mahali pengi, mwingine vidole viwili, na kuhusu vile vya kulia hawezi kuahidi chochote. "Anafanya kazi gani?" daktari aliuliza.

"Sijafurahi, mama."

"Askari anakuja. Nimemwona getini anaulizia. Kaka yako yuko nyumbani, bega limetoka, hali, hanywi, analia. Umewahi kumwona kaka yako analia?"

"Hapana."

"Basi analia. Wewe ndiye mkalimani, si ndiyo? Manesi wako wenyewe wanasema huyu akiongea hawamwelewi, mikono imefungwa yote. Ni wewe tu. Utamwambia askari alianguka. Geti lilimwangukia. Basi, yameisha."

"Mama."

"Wakimfunga, lori litaendeshwa na nani? Watoto wake watakula nini? Nani alikuwa baba yako wewe, ulipokuwa huna baba? Nani alikubeba mgongoni kwenda shule mto ulipofurika?"

"Ni yeye."

"Basi!"

"Ni yeye, mama. Simkatai. Na ni yeye aliyeipiga ile mikono huku anaitazama."

Mama akamzaba kofi. Halikuwa zito kama la mwanawe, lakini ndilo lililomliza. Kisha mama huyohuyo akashuka chini, akapiga magoti kwenye vigae, akamkumbatia miguu, mbele ya wagonjwa na wauza matunda. "Nakuomba mwanangu. Mimi mama yako nakuomba."

Askari alikuwa mtu mzima wa tumbo na mwendo wa pole. Aliwapita, akasita, akauliza, "Mwalimu wa alama ni nani kati yenu?" Mwalimu alimnyanyua mama yake kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye benchi. Mama akainuka tena. Aliwafuata ndani.

Cheche alikuwa ameegemezwa mito, mikono yake miwili imefungwa bandeji nyeupe hadi viwikoni, kama mtu aliyevaa mifuko ya unga. Jicho moja limefumba kwa uvimbe. Lile jingine lilimwona mwalimu na likalainika, na moyo wa mwalimu ukaenda mbio kijinga, kana kwamba wamekutana barabarani siku ya mshahara.

"Mwulize nani alimfanya hivi," askari alisema.

Aliuliza.

Cheche alimtazama yeye, akamtazama mama mlangoni, mwenye magoti ya vumbi na khanga mdomoni. Akaelewa kila kitu. Mtu asiyesikia huwa hapitwi na uso. Aliinua mkono wa kulia kwa shida, mfuko ule mweupe ukasimama juu ya ule wa kushoto, ukayumba, ukalala chali. Akatikisa kichwa, akakunja uso, akanyanyua mabega.

Manesi wasingeng'amua kitu. Mwalimu aling'amua kila neno.

*Nilianguka. Hakuna aliyenigusa. Geti liliniponda.*

"Anasemaje?" askari aliuliza, kalamu tayari.

Mwalimu alikuwa amewafundisha manesi wa hospitali hiihii kwamba mkalimani hana mdomo wake. Mgonjwa akitukana, unatukana. Akidanganya, unadanganya. Ukianza kumchagulia mtu maneno, umemkata ulimi, na huna tofauti na anayemvunja mikono. Alimeza mate. Yalikuwa na ladha ya chuma.

"Anasema alianguka. Anasema hakuna aliyemgusa. Geti lilimponda."

Nyuma yake alimsikia mama akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetoka chini ya maji. Askari aliandika, akainua nyusi, akafunga kalamu.

"Basi kama ndivyo, kesi hakuna."

"Subiri, afande. Hapo nimemaliza kutafsiri. Sasa andika yangu."

"Yako?"

"Nilikuwepo. Nimeona kwa macho haya. Alipigwa bomba mgongoni, kwa nyuma, hasikii. Akajitetea. Mimi nikamwambia aachie, akaachia. Ndipo mikono yake ikawekwa kwenye fuawe ikapigwa nyundo. Aliyepiga ni kaka yangu, tumbo moja. Na mimi nilimpiga kaka nondo. Andika na hilo."

"Nyamaza!" mama alipiga kelele. "Nyamaza, mwanaharamu wewe!"

"Andika, afande."

"Usiniite mama tena! Unanisikia? Usije kwangu, usiniite mama!" Akatoka. Ndara zake zikasikika ukumbini zikipiga vigae, zikipotea, na mwalimu akasimama wima mpaka zilipopotea kabisa.

Cheche hakuwa amesikia hata neno. Lakini alikuwa ameona mama akitoka. Alimkazia mwalimu lile jicho zima, paji limekunjana. *Umemwambia nini?*

Akamwambia, kwa mikono iliyochoka, yote, bila kupunguza. Na Cheche, aliyejivisha uongo ule kwa uchungu wa mifupa yake ili yeye asipoteze ndugu, alifumba jicho.

Katika lugha yao hakuna mlango unaofungwa kwa kishindo kuliko huo. Mwalimu alibaki na mikono hewani, hana wa kusema naye.

"Si kwa sababu yako tu," alisema kwa mdomo, akijua hasikiki. "Jamani, si kwa sababu yako tu."

Alikaa kitandani. Akafungua kifungo cha shati la hospitali, akaweka kiganja juu ya kifua cha Cheche, palipokuwa hapana jeraha, na akaanza kusema hapohapo kwenye ngozi, alama baada ya alama, polepole. *Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuambia uachie. Nakupenda. Usinifungie.* Moyo wa fundi ulikuwa unapiga chini ya vidole vyake kwa nguvu na kwa hasira. Alirudia kusema. Ikafika mahali machozi yakatoka kwenye jicho lililofumba na hata kwenye lile lililovimba, na Cheche akamtazama.

Askari alikohoa. Alikuwa amewapa mgongo kwa heshima, anatazama dirisha.

"Samahani, mwalimu. Siwezi kuandika ushahidi bila uhusiano. Wewe ni nani kwake?"

Walikuwa wameongea mengi kwenye lile benchi, lakini neno la kujibu swali hilo hakuna aliyekuwa amethubutu kulisema. Kwa hiyo mwalimu alifanya kazi yake. Aligeuka akamtafsiria mgonjwa.

*Anauliza, mimi ni nani kwako.*

Cheche akatazama shavu lake, bega lililo wazi, mlango ambao mama hakuurudia. Kisha akainua mifuko ile miwili myeupe. Maumivu yalimkunja uso, jasho likamtoka, nesi aliyeingia akasema "baba, usifanye hivyo," naye hakujali. Akaikutanisha juu ya kifua, akaifungamanisha kadiri bandeji ilivyoruhusu, akaisukuma kuelekea kwake.

"Anasemaje?" askari aliuliza.

Mwalimu alimgeukia.

"Anasema mimi ni mke wake."

Askari alimtazama msichana yule mwenye gauni la mkono mmoja, akamtazama fundi, akazikwaruza ndevu zake.

"Na ni kweli hayo?"

"Mimi natafsiri tu, afande," mwalimu akajibu, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. "Andika alivyosema."